Risala ya Kikundi cha Wakamuaji wa Mawese, Mwandiga, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wa dini, wazee wetu, ndugu wanakikundi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia wito. Tunajua majukumu yako ni mengi, kwa hiyo kufika kwako saa nane, badala ya saa nne iliyoandikwa kwenye kadi, hatukukuhesabu kuwa kuchelewa.

Kikundi kilianza mwaka 2016 kikiwa na wanachama 12 na pipa moja la kukamulia. Leo tupo 31, wanawake 24. Tumekopeshana, tumesomesha, tumezikana. Mengine yamo kwenye taarifa iliyo mbele yako.

Katika mafanikio makubwa, kikundi kimeingia soko la kimataifa. Sabuni zetu za gwanji, zile za kienyeji za mawese, zimeuzwa Burundi kupitia mpakani Manyovu, katoni 18, na mteja ameonyesha nia ya kurudi. Mteja huyo hakutuachia fedha tu. Alibonyeza sabuni yetu kwa kidole gumba, kidole kikazama, akacheka. Akasema kwao huchanganya mawese na mafuta ya mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa la chikichi, ndipo kipande kinakuwa kigumu na povu linatoka. Tulijaribu, ikawa kweli. Somo hilo hatukulilipia ada. Tulimuuzia tu sabuni laini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila anayesimama mahali uliposimama hutuambia kuwa Malaysia walichukua mbegu ya michikichi hapa Kigoma. Tunapiga makofi, maana ni sifa. Ila vijana wetu wamesoma kuwa miche minne ilipandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na kutoka huko uzao wake ukasambaa hadi nchi ya Malaya, ndiyo Malaysia ya leo. Cha kutuuma si nani alichukua mbegu. Wenzetu walikuwa na mashamba makubwa lakini chavua walikuwa wakiipaka kwa mikono, hadi mwaka 1981 walipoleta kutoka Kamerun mdudu mdogo anayeifanya kazi hiyo bila mshahara. Walikuwa na mti miaka mingi. Walichokosa ni kujua nani anauhudumia kwao ulikotoka.

Na sisi tuna mdudu wetu tunayemsubiri.

Miaka mitatu iliyopita tulijichanga, tukakopa, tukanunua mashine ya kukamua kutoka China. Ilishuka bandarini Dar es Salaam, ikafika hapa juu ya lori, tukaipokea kwa vigelegele. Ndani ya kasha kulikuwa na kitabu cha maelekezo, chote Kichina. Kijana mmoja alikipiga picha kwa simu ili kitafsiriwe, simu ikatuambia: “Usilishe koo lililokaza.” Tulidhani ni methali yao. Kumbe walikuwa wanazungumzia ile koni ya mwishoni, kwamba ilegezwe kwanza kabla ya kuingiza chikichi. Siku ya nane mashine ilianza kulia, mise zikasagika humo humo, mafuta yakatoka meusi yananuka kuungua. Parafujo ya ndani imelika upande mmoja. Tangu hapo mashine imefunikwa turubai, kuku wanatagia chini yake, na sisi tumerudi kusukuma mti wa pipa, watu wanne wanne, kuzunguka kama punda. Mkopo tunaulipa kila mwezi.

Mheshimiwa, hapo Kigoma mjini ipo MV Liemba, mwalimu wetu katika jambo hili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli na kwa reli. Wajerumani hawakutuma makasha peke yake. Walituma na mafundi watatu kutoka kiwanda kilekile kuja kuiunga tena, na mwaka 1915 ikaelea. Hata walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini ilikuwa bado ya kutumika. Wale walikuja kututawala, hatuwasifu kwa hilo. Lakini walijua kwamba kasha bila fundi ni chuma chakavu.

Ombi letu ni hilo moja. Tunaomba fundi anayeijua mashine hii aje akae nasi mwezi mmoja, aifufue na kuwafundisha vijana wetu wawili, binti mmoja na mvulana mmoja, wote wamemaliza ufundi. Pamoja na parafujo mpya, tumekadiriwa shilingi 4,600,000. Kikundi kina 900,000 benki. Hatuombi mashine nyingine. Tunasisitiza hilo kwa sababu mgeni rasmi mmoja alitusikia vibaya, akatuahidi ya pili.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema fundi atafika ndani ya wiki mbili. Alicheza ngoma nasi vizuri sana, akaondoka na madumu mawili ya mawese ambayo tunaamini yalifika salama. Mgeni wa mwaka jana aliahidi kulifikisha suala letu mahali husika. Tumeuliza kwa heshima zote hapo mahali husika ni wapi, bado tunasubiri kuelekezwa. Hatuwalaumu, viongozi wana mengi. Wewe tunaamini ni tofauti, kama tulivyoamini kwao.

Kwa hiyo, kwenye kitabu cha wageni, baada ya safu ya maoni, tumeongeza safu ya tarehe. Tunaomba uijaze kabla ya chakula.

Zawadi yako ni madumu mawili, kama desturi. Moja lipo hapa, limekamuliwa kwa pipa. La pili ni tupu, tumeliandika jina lako, tutalijaza kwenye mashine siku utakayokuja kuiwasha.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi