Ncha za nywele zangu zimekauka na kukata sitaki, nifanyeje?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mimi ni dada wa Ngaramtoni hapa Arusha, nywele zangu ni za asili, hazina dawa, na shida yangu iko kwenye ncha tu. Kuanzia kwenye ngozi hadi katikati ziko poa kabisa, laini, ukizivuta zinarudi, ila ile sehemu ya mwisho, kama urefu wa kidole gumba hivi, imekakamaa, ukiishika inakwaruza kama kamba ya katani, na hata nipake vipi asubuhi ikifika saa sita mchana ni kama sijagusa kitu.

Kila msusi ninayemuonyesha jibu lake ni moja. "Dada, hizi zimeshakufa, tukate inchi mbili uanze upya." Mkasi anao mkononi tayari.

Msinione mbishi tu, ngoja niwaeleze. Mdogo wangu ana send-off Moshi Desemba hii na nimeshajiapiza nitabana nywele zangu mwenyewe, mawigi yananiwasha na nimeyachoka. Halafu nywele hizi nimezitolea jasho, baada ya kujifungua zilipukutika mno nikanyoa zote, mtoto sa hivi anakimbilia miaka mitatu, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hizo inchi mbili wanazozitaja wao kirahisi hivyo kwangu ni miezi minne mitano. Najua ncha ndo sehemu kongwe kuliko zote, hizi zangu zimeota mtoto bado ananyonya, zimeshapita kwenye kila kitana na kila rasta nilizosuka tangu hapo, kwa hiyo sitegemei ziwe laini kama zinazoota leo. Mafuta ya kichwani nayo kwenye nywele zetu za kujikunja hayafiki huko chini, yanaishia njiani. Hayo yote nayajua.

Ila kuna kitu kimoja kinanifanya nikatae kwamba zimekufa. Mwezi wa sita tulienda Tanga msibani, tukakaa kaa kule, nikaoga maji ya kule, nikapaka krimu ile ile na mafuta ya nazi yale yale niliyotoka nayo nyumbani, na ncha zikalainika zenyewe! Shemeji yangu mmoja akaniuliza natumia nini. Tumerudi Arusha, haikuisha wiki zimekakamaa tena. Sasa anti, nywele zilizokufa zinafufuka Tanga halafu zinakufa tena zikipanda basi? Mi naona ni hewa. Kule wako kando ya bahari, hewa ina unyevu muda wote, sisi huku tuko zaidi ya mita 1,400 juu, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ni ukavu, upepo na lile vumbi la Ngaramtoni mnalijua, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, sembuse nywele. Jambo lingine, nikizilowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ncha zinajikunja vizuri kama wenzao wa juu, na nimewahi kusikia kwamba nywele iliyoungua kwa draya au pasi huwa haijikunji tena hata uimwagie ndoo. Za kwangu zinajikunja, kwa hiyo nikasema hizi zina kiu tu.

Lakini niwe mkweli, msusi naye ana ushahidi wake. Baridi ya huku mnaijua, mwezi wa saba siwezi kutoka nyumbani bila sweta, na ninalo moja la sufu la mtumba, zito, lina kola ndefu mpaka masikioni. Nywele zimefika mahali pabaya, zinagusa mabega, kwa hiyo kutwa nzima nikigeuza shingo ncha zinasuguana na lile sweta, na asubuhi juu ya bodaboda ndo kabisa na helmeti yake. Juzi jioni nimelivua nikalikung'uta kwenye shuka jeupe, nikakuta vipande vya nywele vifupi vifupi vimejaa, vingine havifiki hata kucha. Nikavichukua dirishani nikaviangalia kimoja kimoja, hakuna hata kimoja chenye kale kanundu keupe mwishoni. Nywele ikitoka na kile kijiupe imetoka kwenye shina, muda wake umefika, haina neno, ila isiyo nacho imekatika njiani. Kwa hiyo zinakatika, hilo siwezi kubisha. Tunachobishana na msusi ni kwamba yeye anasema zinakatika sababu zimekufa, mi nasema zinakatika sababu ni kavu na sweta linazisaga, na mkasi hautaniondolea sweta wala baridi, nikikata leo hizo ncha mpya si zitasagwa hivyo hivyo?

Mume wangu yeye anasema "kata zitaota". Huyo tumuache.

Sasa ushauri niliopewa. Wa kwanza ni maji, watu wengi wananiambia ni maji yetu ya huku, yana floraidi nyingi na kweli meno ya wengi wetu yanajieleza yenyewe. Basi msimu wa masika nikakinga ya mvua nikawa naoshea hayo, tofauti sikuiona, hilo nimeliweka pembeni. Wa pili parachichi. Shoga yangu wa Moshi kaniapia, na parachichi huku tunazo mpaka kuku wanakula, nikaponda na asali nikapaka. Kuteleza ziliteleza siku ile, lakini nilikuwa naokota vipande vya kijani kichwani wiki nzima, mtoto anauliza mama hii nini, na ukavu ukarudi ulivyokuwa. Saluni nikapigwa stimingi, hiyo kweli ilisaidia, nilitoka pale nywele zimekunywa maji mpaka nikajisikia mtu mwingine, ila kulala na kuamka, basi. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba unyevu kuingia unaingia, tatizo langu ni kwamba haukai.

Na kuhusu mafuta naomba tusidanganyane, maana kila nikilalamika mtu ananiambia ongeza mafuta. Mafuta siyo maji, nikipaka kwenye ncha kavu nafungia ukavu ndani, zinang'aa tu huku ngumu. Siku hizi nalowesha kwanza, napaka krimu, halafu mafuta ya nazi ambayo walau yanaingia ndani ya unywele, na juu kidogo ya nyonyo kwa sababu ni mazito yanafunika. Usiku najifunga skafu ya satini, kile kilemba cha kanga nimekistaafisha maana pamba inafyonza. Na bado saa sita ile ile.

Kwa hiyo anti na wengine wenye uzoefu, hasa mliokaa huku kwenye baridi, siyo wa Dar maana nyie hewa inawasaidia, naomba mnijibu haya.

Gliserini. Dada mmoja kazini anaichanganya na maji kwenye chupa ya kupulizia na nywele zake zinapendeza, ila nasikia kwamba gliserini inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ikiwa kavu inaweza kuugeukia ule wa kwenye nywele yenyewe. Nimesoma kwenye kopo la krimu yangu gliserini imetajwa ya pili tu baada ya maji! Je, inawezekana krimu iliyonisaidia Tanga ndo inayonikausha huku? Kuna aliyebadilisha akaona tofauti? Na ulibadilisha ukaweka nini?

La pili ni uzi. Bibi yangu wa Machame kaniangalia kichwa akacheka akasema mjukuu wangu acha kuhangaika, zisukwe uzi mweusi, uzungushwe mpaka mwisho ncha zifungiwe ndani, ukae nazo. Kimantiki naiona iko sawa, ncha haigusi sweta, haigusi upepo, na uzi haunyofoi kama rasta zenye nywele za kuongezea. Wasiwasi wangu ni kwamba ule uzi nao ni pamba, si utanyonya kale kaunyevu kote? Na unaruhusiwa kuzipulizia maji zikiwa ndani ya uzi au zitanuka? Kazini wataniona nimerudi darasa la tatu lakini nitavaa skafu, hilo dogo.

La tatu ni sweta lenyewe. Nimefikiria nimpelekee fundi anishonee kitambaa cha satini ndani ya kola, satini za mtumba pale soko la Kilombero hapa Arusha zipo nyingi na ni bei chee. Fundi nikimweleza atanishangaa ila kama kuna mtu kafanya na imefanya kazi aseme, au niwe tu nabana nywele juu kila siku? Naogopa kubana kila siku mahali pale pale nako kunakata.

Mkasi siukatai moja kwa moja. Zile zilizopasuka kabisa mara mbili najua hazishikani tena hata upake nini, hizo Jumapili nakaa kwenye mwanga nazitafuta moja moja nazikata hapo hapo juu ya mpasuko, na siyo nyingi. Ninachokataa ni inchi mbili za kichwa kizima kwa ajili ya nywele ambazo Tanga zilikuwa nzima.

Nataka kuanza na uzi wikiendi hii kabla upepo haujazidi, kwa hiyo mwenye la kusema kuhusu uzi naomba awahi.

Wenu,
Mama Mdogo wa Ngaramtoni