Barua kutoka Igombe

Igombe, Mwanza
10 Agosti 2025

Shoga yangu Mama Neema,

Barua yako nimeipata Jumatano, pamoja na ule mfuko wa karanga. Karanga zimekwisha, watoto hawakuniachia hata za kuonja. Barua bado naisoma.

Nakujibu leo kwa kuwa nina nafasi, ni mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hivi taa zetu hazifui dafu. Mitumbwi imepandishwa mchangani. Wavuvi wengine wanashona nyavu, wengine wanakunywa walichokipata juzi, na sisi waanikaji tumekaa tu.

Umeniuliza maswali mawili ukayafunga kamba moja. Kwa nini afe kaka yako, tena asubuhi ile, kwenye barabara anayoipita kila siku. Halafu yule mshauri aliyekuambia uache ya jana na ya kesho, uishi sasa, utapata amani: je, ni kweli? Najua umeniuliza mimi kwa sababu ya mama. Haya.

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akipeleka dagaa Bukoba na kurudi na ndizi, na asubuhi hiyo mimi na baba mdogo tulikwenda bandarini na mkokoteni wa kukodi kumpokea. Meli yake, MV Bukoba, ilizama ikiwa imebakiza safari fupi kufika. Ninachokumbuka vizuri si vilio. Nakumbuka tulirudisha mkokoteni mtupu, na mwenyewe akakataa kulipwa. Alimrudishia baba mdogo hela mkononi, akamkunja vidole vyake kimoja kimoja.

Nikaanza kuuliza kwa nini. Na amini usiamini, nilijibiwa. Tume ilikaa. Meli ya kubeba abiria 430 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na mizigo juu yake, na haikuwa imara majini. Nilipokua nikayasoma hayo yote, nikayaelewa, nikafunga karatasi. Siku ile ile usiku nikajikuta nauliza tena. Ndipo nikajua kumbe swali langu halikuwa lile.

Msibani wasikilize akina mama. Hakuna anayelia "kwa nini". Wanalia "mbona": mbona hukuniaga, mbona umeniacha na watoto hawa. "Kwa nini" inataka sababu, ukiipewa imekwisha. "Ya nini" inataka faida. "Mbona" haidai jibu, inamdai mtu. Katika barua yako umeandika "kwa nini" mara saba, nimezihesabu, na kila moja nikiitoa nikaweka "mbona" inakaa vizuri zaidi. Kwa hiyo usihangaike sana kutafuta jibu, na usikubali mtu akuambie unakufuru kwa kuuliza. Unamwita kaka yako, basi.

Sasa huyo mshauri. Sitamkataa wote. Ungeniona siku ya kuanika ungesema mimi ndiye mwanafunzi wake. Dagaa wametandazwa mchangani, wabichi wanang'aa kama vipande vya bati, jua linapanda, unawageuza, unachambua vifuru, vile visamaki vingine, na vijiti, jicho moja juu mawinguni, maana mvua ikiwanyeshea wanabaki kuwa chakula cha kuku na bei inakuwa ya kuku. Hapo sina jana wala sina kesho. Kweli, kuna utulivu, wala si wa kubuni.

Ila mama hufika hapo hapo. Nageuza dagaa kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akifanya yeye, na ghafla mkono ule si wangu peke yangu. Nikimfukuza kwa kuwa eti amepita, nabaki na dagaa tu.

Unamkumbuka Profesa John Mbiti, yule Mkenya tuliyemsoma chuo tukisinzia? Mwaka 1969 alipoandika juu ya wakati katika fikra za Kiafrika alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Sasa yake haikuwa dakika hii tu. Ilikuwa pana, na marehemu walikuwa ndani yake maadamu bado yuko hai mtu aliyewajua kwa majina. Wanahamia Zamani yule wa mwisho anayewakumbuka akiondoka. (Aliposema wazee wetu hawakuwa na wakati ujao wa mbali nabishana naye, angekaa mwaloni, hapa tunaposhushia samaki, na waanikaji wanaohesabu usiku wa giza na ada za shule.) Lakini kwenye Sasa naona alinisaidia zaidi ya wahubiri wengi. Kuishi sasa kwa mimi ni kuishi na mama ndani yake. Mshauri wako anataka uhamishie Zamani mtu ambaye hata arobaini yake haijafika. Ana haraka ya nini?

Amani sijui kama niliipata. Nalala, nakula, nacheka. Kila 21 Mei nakwenda makaburini Igoma walikozikwa wengi ambao hawakutambuliwa, nachagua pa kusimama, nasimama. Mwaka huu nilimweleza bei ya ndizi.

Halafu nikuambie kichekesho. Lile daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kufunga dirisha. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka miguu inakufa ganzi, mahindi ya kuchoma mkononi, hatuna la kufanya ila kutazama ziwa. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaishi sasa. Tulikuwa tunatukana.

Njoo, Mama Neema. Treni ya Tabora itakushusha mjini, nitakufuata stesheni. Ukija kabla mwezi haujazama kabisa tutakaa tuongee. Ukichelewa utanikuta mchangani, na kanga ya kujifunga kiuno ipo, utageuza dagaa upande wa kulia mimi wa kushoto. Usisahau asali, ile nyeusi.

Wako,
Mama Baraka