Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: Malighafi imeishaje Mtwara?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MTAJI WA MSIMU KWA VIWANDA VYA KUBANGUA KOROSHO

Husika na mada tajwa hapo juu.

Kiwanda kingine cha kubangua korosho kimefunga geti mwezi huu, na akina mama waliokuwa wakibangua na kumenya wamerudishwa nyumbani. Sababu waliyopewa ni kwamba malighafi imeisha. Imeisha Mtwara, Mheshimiwa! Mkoa ambao bandari yake ilishinda msimu mzima ikipakia korosho ghafi kwenda India na Vietnam.

Kabla hujatuma ujumbe mwingine kuja kukagua mashine, tunaomba upitie hesabu hii. Tatizo si mashine. Minada huanza Oktoba, na kufikia Januari mzigo mwingi umeshaondoka. Kiwanda cha tani 5,000 kwa mwaka kinapaswa kununua chakula chake cha miezi 12 ndani ya kipindi hicho. Kwa shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni bilioni 15, na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza kwa mnada korosho zilizohifadhiwa ghalani, hauna kukopeshana: ukishinda mnada unalipa ndani ya siku chache. Benki ikikukopesha kwa riba ya asilimia 15, na ghala likapungua taratibu hadi msimu ujao, kwa wastani unadaiwa nusu ya fedha hizo, na riba peke yake inafika kama bilioni 1.1. Igawe kwa kilo zote, unapata kama shilingi 225 kwa kilo ya ghafi. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, hutoka kwenye kilo nne na nusu za ghafi, kwa hiyo umeshabeba shilingi 1,000 kwa kilo kabla hujamlipa mbanguaji wala kuwasha boila. Mshindani wako pale mnadani, msafirishaji wa ghafi, anajaza kontena, anauza baada ya wiki kadhaa, na mtaji wake ni dola za riba nafuu. Tueleze, nani atashinda?

Asiyepata mzigo Novemba huokoteza wa mwisho, ambao mara nyingi umekutwa na mvua. Unyevu ukizidi asilimia 10 ghalani, ukungu unaingia, karanga zinabadilika rangi, na zisipokaushwa vizuri zinavunjika kwenye kubangua na kumenya. Karanga nzima nyeupe ya daraja la W320 ikishakuwa vipande, bei imeporomoka. Halafu kwenye semina tunahutubiwa kuhusu ubora.

Kontena la tani 16 za ghafi lina takriban tani tatu na nusu za karanga. Kinachobaki karibu chote ni maganda. Tunasafirisha maganda baharini, na nauli yake hukatwa kimyakimya kwenye bei ya mkulima, wakati hapa yangewasha boila na mafuta yake yangeuzwa kwa watengenezaji wa vitambaa vya breki.

Mji nao unalipa. Bandari ina pilikapilika za msimu, kisha kimya. Makontena matupu inabidi yaletwe kwa sababu mkoa unaagiza bidhaa chache. Korosho karanga zingetoka kila mwezi, meli zingekuwa na sababu ya kuja kila mwezi, na mama lishe angejua Juni atampikia nani.

Ahadi tunazo za kutosha. Mtwara ilijengewa bandari na reli kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga (njugu) Nachingwea. Mradi ukafa 1951, reli baadaye ikang'olewa. Vikaja viwanda 12 vya korosho, vingi kusini. Baadhi vimeishia kuwa maghala ya korosho ghafi. Gesi ya Mnazi Bay ikapelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015, miaka miwili baada ya vurugu za Mtwara za kulipinga, unazozikumbuka. Mwaka 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300, jeshi likabeba, tukaambiwa zitabanguliwa nchini. Mwaka 2019 zikauzwa ghafi. Sasa tunaambiwa tusubiri kongani ya Maranje, eneo la pamoja la viwanda vya korosho. Tumepiga makofi, kama ilivyo desturi.

Hatuombi upige marufuku korosho ghafi. Tulishaona: ghala linajaa, mkulima anasubiri fedha, mzigo unatoka vilevile. Wala hatuombi kiwanda kiuziwe chini ya bei ya mnada. Huko ni kumnyonga mkulima ili mwekezaji apumue.

Tunaomba dhamana ya mikopo ya msimu. Tozo ya kusafirisha korosho ghafi ipo, asilimia 15 ya thamani ya mzigo au dola 160 kwa tani, ipi kubwa, na moja ya sababu za kuwekwa kwake ilikuwa kumlinda mbanguaji. Tengeni sehemu yake idhamini mikopo hiyo, fedha ziwe benki Septemba, kabla ya mnada wa kwanza. Atakayekopa akauza ghafi badala ya kubangua, anyang'anywe leseni.

Septemba, Mheshimiwa. Ikija Desemba, msimalize mafuta ya magari kuja kuizindua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mdau wa ubanguaji,
Mtwara