Upekuzi wa simu nao uwe na shahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu faragha ya mtandaoni na mamlaka ya Serikali ya kufuatilia mawasiliano ya wananchi. Nimeufuatilia mjadala huu kwa muda mrefu, na naona wanaobishana wanapishana njiani bila kukutana. Wako wanaozungumza kana kwamba kila uchunguzi wa polisi ni uonevu, na wako wanaozungumza kana kwamba kila anayetaja faragha ana uovu anaouficha. Swali linaloachwa katikati ni dogo na lina jibu: ni nani anayetia sahihi kabla mawasiliano ya mtu hayajafunguliwa, na mwenyewe anaarifiwa lini?

Nauliza hivyo kwa sababu nilifanya kazi posta kwa miaka 29, mingi yake hapa Tanga, na swali hilo tulikuwa na jibu lake. Barua iliyokosa mwenyewe, yaani mlengwa amehama au amefariki na nje ya bahasha hakuna anuani ya mtumaji, haikufunguliwa na yeyote aliyejisikia kuifungua. Ilifunguliwa na ofisa aliyeidhinishwa, mwenzake akiwa pembeni. Ofisa huyo alitafuta jina na anuani ya mtumaji tu, akaifunga upya, kisha akaandika katika daftari tarehe na jina lake mwenyewe. Nakumbuka kijana mmoja aliyepitisha macho hadi mstari wa pili wa barua ya mapenzi, akautamka kwa sauti ili wenzake wacheke. Mkubwa wetu wa kazi hakucheka. Aliichukua ile barua mkononi mwake, akaikunja taratibu, akamuuliza: “Huyu aliyeandika, amekukosea nini?” Kesho yake kijana yule alihamishiwa dirisha la stempu, na chumba kile hakukanyaga tena.

Katiba yetu inalitambua jambo hili kwa maneno yaliyo wazi. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, na ibara ya 18 inataja haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Lakini ibara ya 16 haiishii hapo. Ibara ndogo ya pili inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu “hali, namna na kiasi” ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Naomba wasomaji wayashike maneno hayo matatu. Katiba inakubali kwamba siku nyingine mlango wa mtu utafunguliwa, ila inataka sheria iseme ni katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani.

Sasa tuitazame Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu chake cha 32 kinasema kwamba data ikihitajika kwa ajili ya upelelezi au mashtaka ya jinai, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa chombo kingine cha dola mwenye cheo kinacholingana na hicho, anaweza kumwagiza yeyote aliye na data hiyo aitoe. Hakimu hatajwi. Uzito wa kosa nao hautajwi, kwa hiyo hali ni upelelezi wowote wa jinai, liwe kosa la ugaidi au la maneno makali yaliyoandikwa usiku kwa hasira. Namna ni karatasi ya mkuu wa kituo. Na kiasi? Kiasi ni chochote ambacho karatasi hiyo itakitaja.

Haya hayakubaki kwenye vitabu. Mwaka 2016 kampuni inayoendesha Jamii Forums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hiki, na Desemba mwaka huohuo mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani Kisutu kwa mashtaka ya kuzuia upelelezi, kwa kuwa hakuwa tayari kukabidhi taarifa za watumiaji walioandika bila kutaja majina yao. Machi 2017 Mahakama Kuu ilikataa hoja dhidi ya kifungu cha 32. Naiheshimu mahakama, na kwa sababu hiyohiyo barua yangu naielekeza Dodoma. Sheria inaweza kupita mbele ya majaji na bado ikawa imekaa vibaya, na mwenye kazi ya kuikalisha vizuri ni Bunge lililoitunga.

Najua nitajibiwa kwamba hata hati ya kupekua nyumba, kwa sheria yetu ya mwenendo wa jinai, yaweza kutolewa na mkuu wa kituo, hivyo kwa nini simu ipewe ulinzi kuliko nyumba. Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Lakini kumbukeni upekuzi wa nyumba unavyofanyika mitaani kwetu. Askari wanagonga hodi, mwenye nyumba yupo au mkewe yupo, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anaitwa asimame mlangoni ashuhudie, na kila kinachochukuliwa kinaandikwa kwenye hati ambayo mwenye mali na mashahidi wanatia sahihi. Majirani wanaona. Askari akichukua redio ambayo haihusiki, jioni ileile mtaa mzima unajua. Upekuzi wa mawasiliano hauna lolote kati ya hayo. Agizo linakwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu au ya mtandao, karani anafungua kompyuta, na orodha ya watu niliozungumza nao kwa miezi sita inaondoka wakati mimi niko sokoni nachagua samaki. Hakuna hodi, hakuna mjumbe, hakuna hati yenye sahihi yangu. Pale ambapo mwenye nyumba hayupo na hajui kwamba anapekuliwa, ndipo jicho la tatu linapohitajika zaidi, na jicho hilo ni la hakimu.

Majirani zetu wa Kenya walipotunga sheria yao ya makosa ya kompyuta mwaka 2018 walimtaka ofisa wa polisi anayehitaji data iliyo mikononi mwa mtu au kampuni aiombe mahakama, na ya kunasa mawasiliano yenyewe vilevile. Sisemi kwamba kila kitu Kenya kinakwenda sawa, nasema tu kwamba jambo hili limeandikika katika sheria ya nchi jirani na polisi wake wanaendelea kupeleleza. Afrika Kusini walikwenda mbele zaidi. Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika shauri lililotokana na mwandishi wa habari Sam Sole kunaswa mazungumzo yake, iliikuta sheria yao ya unasaji na kasoro, mojawapo ikiwa kwamba mtu aliyechunguzwa hakuwa na njia ya kujua hata baada ya uchunguzi kwisha. Ikaelekeza kwamba, wakati Bunge linarekebisha sheria, mtu huyo aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kumalizika, isipokuwa jaji akiona kuna sababu ya kuahirisha. Siku 90 hazimharibii mpelelezi kazi yake. Zinamharibia tu yule aliyefungua barua isiyomhusu.

Hoja ya pili nitakayokutana nayo ni ya haraka: kwamba mtandaoni ushahidi hufutika kwa dakika moja, na kumsubiri hakimu ni kumpa mhalifu nafasi. Hoja hii ingenitisha kama sheria yenyewe isingekuwa imeshaijibu. Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinampa polisi uwezo wa kuagiza data iliyo hatarini kupotea ihifadhiwe kwa muda, isifutwe wala kubadilishwa. Kwa hiyo njia ipo. Saa nane usiku mkuu wa kituo anaagiza data ishikiliwe palepale ilipo, na asubuhi mpelelezi anakwenda kwa hakimu na sababu zake kuomba ruhusa ya kuisoma. Kushika na kusoma ni vitu viwili. Posta tulikuwa tunashika barua kila siku, tena maelfu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea ukusanyaji mkubwa wa taarifa hawalizungumzii vya kutosha, nalo ni kwamba taarifa zikishakusanywa hazikai palepale zilipowekwa. Tuliposajili laini kwa alama za vidole, kazi iliyoanza Mei 2019 na mwisho wake kusogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, mimi nilisajiliwa na wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya stendi. Aliniambia niweke kidole, nikaweka. Akasema, “Mzee, haijasoma, weka tena.” Nikaweka tena, na tena. Niliondoka nikimhurumia kwa kifaa chake kibovu. Miaka miwili baadaye, baada ya jirani yangu kulizwa na ule ujumbe maarufu wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, nilishtuka nikapiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya kitambulisho cha Taifa, nikakuta mbili nisizozijua. Zilifungwa nilipolalamika. Ila kwa miaka miwili jina langu lilikuwa likitembea mahali nisipopajua, na kama mojawapo ya laini zile ingetumika kumwibia mtu, karatasi ya mkuu wa kituo ingeanzia kwangu.

Nikikumbuka kisa hicho, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilinipa wasiwasi zilipozitaka hata intaneti kafe ziweke kamera na kutunza picha pamoja na daftari la watumiaji kwa miezi 12. Nani alikuwa akilinda daftari hilo kwenye kibanda cha kompyuta nne kinachofungwa kwa kufuli moja? Mwaka 2023 tukaingia kwenye VPN, ile njia ya kuficha mawasiliano ya mtu mtandaoni, pale Mamlaka ya Mawasiliano ilipotoa taarifa mwezi Oktoba ikiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kujisajili na kutoa maelezo, pamoja na anuani za IP, yaani namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Vijana wengi wanachofuata kwenye VPN ni michezo na filamu, na tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ulipofungwa nchini Mei 2025, ni mtandao huo pia. Lakini benki hutumia VPN, na hutumiwa pia na mwandishi anayelinda chanzo chake na mfanyakazi aliyeona hesabu za halmashauri zikichezewa. Orodha ya wote wanaofunga bahasha zao ni kitu cha hatari, hata kikiwa mikononi mwa watu wema.

Sikatai kwamba tumepiga hatua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, na leo hospitali, shule na maduka yanayokusanya taarifa zetu yanatakiwa kujisajili na kueleza yanazitumiaje. Hata Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Tito Magoti, iliona Mei 2024 kwamba baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 vya sheria hiyo hayaeleweki vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha. Hayo ni mafanikio. Lakini sheria hiyo imetoa msamaha mpana kwa mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, kwa hiyo inamdhibiti mwenye duka anayeandika namba ya simu ya mteja kwenye daftari, na kumpita kando ofisa anayechukua mawasiliano ya mwaka mzima.

Kuhusu usemi kwamba asiye na hatia hana la kuogopa, nitasema machache. Kwa miaka 29 nilizishika barua za watu wasio na hatia. Mke alimweleza dada yake kwamba mumewe anampiga. Kijana aliuliza majibu ya kipimo chake hospitalini. Mzee aliomba mkopo kwa mwanawe na hakutaka mkwe wake ajue. Hawakuwa wahalifu, na wote walilamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kidole gumba mpaka ishike. Leo watu walewale wanaandika maneno yaleyale kwenye simu.

Ninachowaomba wabunge wetu ni marekebisho ya kifungu cha 32 yenye mambo ambayo hayazidi ukurasa mmoja. Agizo la kutoa data ya mtu litolewe na hakimu kwa maombi ya maandishi yanayotaja kosa, muda na aina ya data inayotakiwa, huku amri ya kuhifadhi chini ya kifungu cha 33 ikibaki kwa polisi. Mtu ambaye data yake ilichukuliwa aarifiwe uchunguzi ukiisha, na hakimu awe na uwezo wa kuahirisha taarifa hiyo kwa sababu zitakazoandikwa. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipewe jukumu la kuwasilisha bungeni kila mwaka idadi ya maagizo yaliyotolewa, yametoka kwa chombo gani na yalihusu makosa ya aina gani. Hakuna siri ya upelelezi inayovuja kwa kutaja idadi, na sisi tunaolipia vocha na kodi hatujawahi kuambiwa kama maagizo hayo ni mia moja au laki moja.

Mbunge wa jimbo langu nimekwisha kumwandikia, kwa barua ya rejista, na risiti yake ninayo.

Mstaafu wa posta,
Tanga