Wanaobeti si wavivu

Mhariri,

Barua uliyoichapisha juma lililopita inasema vijana wa Mombasa wanabeti kwa sababu ni wavivu na wana tamaa. Tamaa ipo, na nani hana? Uvivu ndio siuoni. Mimi ni wakala wa pesa za simu Kongowea, na wanaoweka pesa za kubeti kwangu wengi ni wachukuzi wa sokoni walioamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Kuna kijana huja akaweka mia mbili, akabeti timu kadhaa kwa mpigo (moja ikikosea, zote zimekwenda), akasimama kivulini macho kwenye simu. Sijamaliza wateja watatu, karudi na mia tatu. "Timu moja tu imeniangusha, dada." Halafu mia tano. Aliwahi kushinda elfu nne, laiti asingeshinda.

Jambo hili wanasaikolojia walilichunguza zamani. Mmarekani B. F. Skinner alitia panya na njiwa kwenye sanduku lenye kitufe cha kutoa chakula. Waliozoea kulishwa kila wanapobonyeza, chakula kilipokatwa waliacha upesi. Waliozoea kupata mara mojamoja, bila kujua lini, waliendelea kubonyeza muda mrefu ingawa hakikutoka kitu. Tuzo isiyotabirika hung'ang'aniza kuliko tuzo ya uhakika, na kamari yote imesimama hapo.

Hiyo "timu moja tu" nayo ina hila yake. Kukosa kidogo ni kukosa, pesa zimekwenda. Lakini akilini kukosa kidogo si sawa na kukosa sana: moyo unapandwa na hamu kana kwamba umeukaribia ushindi, mkono unarudi mfukoni.

Kisha kuna imani kwamba aliyeliwa mara nyingi zamu yake imekaribia. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo huko Ulaya, mpira wa gurudumu la kamari uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakisema sasa ni lazima, wakafilisika. Gurudumu halikumbuki mpira ulikoangukia mara iliyopita. Wala ule mchezo wa kamari wa ndege kwenye simu haukumbuki.

Na mtu akifika pale pa kukopa ili arudishe alicholiwa, na kudanganya nyumbani, huo ni uraibu. Madaktari wa akili wa Marekani waliuhamishia kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya katika mwongozo wao wa mwaka 2013. Mraibu wa unga hapa Pwani siku hizi twajua pa kumpeleka. Huyu wa kubeti twamwita mvivu.

Ombi langu ni dogo. Lile tangazo la kubeti lililo chini ya matokeo ya mechi kwenye ukurasa wako wa michezo, Mhariri, waonaje ukiliondoa?

Wakala,
Kongowea, Mombasa