Salamu za Noeli: Kibao cha Zakaria

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya, jamaa na marafiki mlio karibu na mlio mbali. Noeli imetukuta hai, tumshukuru Mungu, maana mwaka huu haukuwa mwepesi. Mchele umepanda, mafuta yamepanda, nauli ya kwenda kwa wazazi ndiyo usiseme, na Januari inatukodolea macho na ada zake. Atakayechinja mbuzi amkumbuke jirani. Atakayekula maharage, naye ameila sikukuu.

Kwetu hii ni Noeli ya kwanza bila baba, ambaye wengi wenu mlimjua kama katekista.

Injili ya tarehe 23 mnaijua. Majirani wanang'ang'ania mtoto aitwe jina la baba yake. Zakaria, bubu, anataka kibao, anaandika: Jina lake ni Yohana. Sisi hushangilia ulimi kufunguka, kibao tunakipita. Zama zile walioweza kuandika walikuwa wachache. Hata aliyejua kusoma hakuwa lazima ajue kuandika. Hiyo ilikuwa kazi ya waandishi na baadhi ya makuhani. Kule Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, magombo yalikoanza kupatikana mwaka 1947, vilionekana hata vidau vya wino, na gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita 7, ngozi zimeshonwa moja kwa nyingine.

Lakini walimu wa Sheria hawakuandika kila kitu. Torati ilikuwa kwenye gombo. Ufafanuzi wake mwalimu aliutamka, mwanafunzi akaurudia mpaka ukamkaa. Ilisemwa hata kwamba yaliyopokewa kwa mdomo yasiandikwe. Wakaandika vilevile, wanadamu bwana! Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya Kiyahudi, inamtaja mwalimu aitwaye Rav akisema alikuta gombo la siri nyumbani kwa Rabi Hiyya. Miaka mingi kabla yake Waroma walikuwa wamechoma Hekalu mwaka 70, na vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Waroma, 132 hadi 135, vikaja kuondoka na walimu wengi, Rabi Akiva akiwa mmoja wao. Karibu mwaka 200, huko Galilaya, Rabi Yehuda Hanasi akayakusanya mafundisho yaliyosalia, ndiyo Mishna.

Baba alikuwa mtu wa kukariri kama wao. Beti za nyimbo ambazo hazimo kitabuni, msimamizi wa ubatizo wa fulani, kigango kilianzia chini ya mwembe upi, yote kichwani. Tumebaki na daftari moja lililojaladiwa kwa gazeti. Novemba nililifungua nikitafuta majina ya marehemu wa kuombewa. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Sare ya kwaya, nadaiwa elfu nne." Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kusoma. Deni nimelilipa.

Basi ndugu zangu, likizo hii msiwaachie wazee televisheni. Kaeni nao. Waulizeni nani alimzaa nani, shamba linaishia mti gani, nani alileta dini kijijini. Andikeni kwa kalamu, simu huibiwa! Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la Yeremia kwa kisu akalitupa motoni. Yeremia akachukua gombo jingine akampa Baruku, mwandishi wake, naye akaandika upya, na mengine mengi yakaongezwa. Nanyi mnaosema mmechelewa kujua herufi, mapokeo ya Wayahudi yanasimulia kwamba Akiva huyohuyo alianza na alfabeti akiwa na miaka 40, akaenda na mwanawe kwa mwalimu wa watoto, baba kashika ncha moja ya kibao, mwana nyingine. Nani kati yetu atakataa kuketi na mtoto wake?

Nawatakieni Noeli njema na heri ya mwaka mpya. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wanafunzi wafaulu, waliofiwa wafarijiwe. Misa ya mkesha ni saa tatu usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Wanakwaya mje mapema.