Mwanangu, barua yako ya kanisa iko huku nyuma ya kabati

Mtoto wangu,

Jana nilikuwa nasogeza kabati kwa sababu panya wameingia tena kwa mchele, njo naona bahasha imeanguka nyuma, nikafikiri ni karatasi za shule za mdogo wako. Kumbe ni ile barua pasta alikuandikia mbele usafiri, ya kukutambulisha kwa kanisa la Lubumbashi. Muhuri uko pale, gundi haijaguswa, juu yake kuna alama ya kikombe cha chai. Mwaka nzima wewe uko kule na barua iko huku. Na mimi kila nikikuuliza kwa telefone kama umeshapata kanisa, unajibu "ndiyo mama." Mwanangu, ulipata kanisa gani, na walikupokea kwa karatasi gani?

Sikulala vizuri. Yaya yako, ule mkubwa wako, amenieleza (usimkasirikie, mimi njo nilimuuliza) kama siku ya Mungu unabaki kitandani na telefone, leo unafuata ibada ya Kinshasa, juma ingine ya Nigeria, na unasema wale wanahubiri kuliko pasta wetu. Sawa, wanahubiri kuliko yeye. Pasta wetu anarudilia maneno na mikro yetu inalia tangu unazaliwa. Lakini ule wa kwa telefone, ukilala na malaria siku tatu hauamki, atajua? Nani pale Kasapa, kwa kampusi yenu, atasema huyu kijana wa Goma hatukumuona leo, twende tugonge kwake?

Mambo ya volkano ya Goma ya 2021 unayajua, ulikuwapo, siyarudilie. Kitu kimoja tu haukuona juu ulikuwa umeenda kutafuta maji. Pale Sake, kule tulikimbilia kisha wametuambia tuhame ile tarehe 27 ya mwezi wa tano, ule mama mwenye kuuza makala, wa kikundi chetu cha wamama, alitoa kwa kikapo kaye ya kanisa, daftari ile tunaandikaka sadaka. Watu walikimbia na magodoro, yeye alikimbia na kaye. Akaanza kuita majina, avenue kwa avenue, mwenye haitike anawekewa alama na kijana wa kwaya anatumwa kumtafuta. Mimi sikuitika. Nilikuwa nyuma ya lori, nalia, sikutaka ninyi munione. Akaja mwenyewe, kalamu iko bado mukononi, akakaa chini kwa mawe karibu yangu, hakusema hata Bwana asifiwe, akaangalia tu kaye akaandika kama niko. Kiisha akanipa nusu ya mkate wake. Sijawahi kukuambia.

Sasa wewe uko kwa kaye ya nani?

Unasema masomo ni mengi. Najua, na najivunia, kila mutu hapa kwa avenue anajua nina mtoto UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, hata wenye hawajaniuliza. Na wale watoto ulifundisha shule ya dimanshi wanakuuliza mpaka leo, kale kadogo ka jirani kanasoma Zaburi ya 23 yote kwa kichwa na kanasema ni wewe ulikafundisha. Mutu mwenye alifanya vile hawezi kuniambia kanisa ni kusikiliza tu. Kusikiliza utasikiliza hata kwa redio. Mimi nasema juu ya kubeba viti, kufagia, kwenda kwa matanga ya mutu haumjui vizuri, kukaa na mwenye amekukosea na kusali naye. Waebrania 10:25 inakataza kuacha kukusanyika, na hata wakati ule walikuwako wenye walishazoea kuacha. Angalia daktari Mukwege, ule wa Nobel ya amani ya 2018, hospitali yake ya Panzi kule Bukavu ni ya kanisa, ya CEPAC, ile jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, na yeye alianza na kufuata baba yake, pasta, kwenda kuombea wagonjwa. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwa kitanda cha mutu.

Lakini usiingie pahali popote. Kuna wenye wanaomba wanafunzi "mbegu" kwa franga ya masomo, kimbia. Tafuta pahali hesabu inasomwa mbele ya washiriki wote na mutu anaweza kusimama akauliza.

Na usinijibu kama mama naye alibaki nyumbani. Najua utalisema. Ule mwaka wa mabati ya kanisa niliuliza franga zetu ziliingia wapi na nilikuwa na haki, mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Ila miezi tisa nzima uliniona siku ya Mungu nikipiga nguo pasi wakati kengele inalia, na ulikuwa na miaka kumi. Nilipaswa kwenda kuulizia mule ndani. Ile pasi inanirudilia kila mara wananiambia uko kitandani na telefone.

Hapa tuko, benki bado shida, franga nitatuma kwa simu kama kawaida, usingoje tarehe moja, ngoja tarehe tano. Makala imepanda tena, napika maharagi mara moja kwa siku mbili. Mdogo wako amechukua kitanda chako, amesema ni kwa muda. Bati la jikoni linavuja pale pale.

Bahasha nimeipangusa. Kuna mama wa kwetu anashuka huko kupitia Kigali, nimemupa pamoja na sambaza kavu, wale samaki wadogo, na ile kabuti ya papa yako, juu baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita najua hauna kitu ya kuvaa. Barua iko kwa mfuko wa ndani wa kabuti, upande wa kushoto, nimeushona na uzi mwekundu. Utafungua ule uzi kanisani, mbele ya mzee wa kanisa, si kwa chumba. Kiisha unipigie, uniambie jina la ule mzee na jina la bibi yake.

Mama yako